Tarumbeta Kwanza, Kisha Hesabu

Hotuba ya kwaya katika ibada ya kufungua maadhimisho ya yubile ya miaka 50



Mlipoona kwenye ratiba kwamba kwaya itazungumza, pengine wengi wenu mlidhani tutasoma historia yetu. Historia ipo, na mtaisoma katika kitabu cha yubile: jinsi tulivyoanza tukiwa watu tisa na ngoma moja, sare ya kwanza iliyoshonwa kwa kitambaa kilichokusudiwa kuwa mapazia, na kaseti tuliyorekodi usiku kwa sababu mchana jogoo wa jirani hawakukubali kunyamaza. Tunamshukuru Mungu kwa hayo yote. Lakini leo tumeomba nafasi ya kusema jambo lingine. Ni jambo ambalo tumeliimba kwa miaka 50 na ambalo, tukisema ukweli, tumeliimba mara nyingi kuliko tulivyolitenda. Na kabla hatujaketi, kuna deni ambalo kwaya hii inadaiwa na mshirika mmoja wa kanisa hili. Tutalitaja hapa, mbele zenu, kwa sababu hapa ndipo tulipolikopa.

Tulipoanza kujiandaa, tulikubaliana kwamba kila Jumamosi kabla ya mazoezi tutasoma Neno linalohusu yubile. Neno hili tulikuwa tumeshaliandika kwenye bango, kwenye fulana na kwenye kadi za harambee. Ilibidi tulijue maana yake.

Linatoka katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25. Mwaka wa hamsini ulipofika, tarumbeta ilipigwa katika nchi yote ya Israeli, siku ya kumi ya mwezi wa saba, ambayo ilikuwa Siku ya Upatanisho. Wataalamu wa Biblia wanatuambia kwamba neno lenyewe la Kiebrania linahusu pembe ya kondoo dume, ile iliyopulizwa siku hiyo. Tuliposikia hivyo, sauti ya nne walifurahi sana, wakasema, kumbe yubile ni mambo yetu, maana inaanza kwa sauti nzito.

Ni kweli, inaanza kwa sauti. Lakini tuliposoma kuendelea mbele, tukaona kwamba baada ya tarumbeta sura hiyo karibu yote ni hesabu. Shamba lililouzwa kwa sababu ya shida linarudi kwa ukoo wake. Mtu aliyejiuza kwa nduguye kwa sababu ya umaskini anarudi kwao, yeye na watoto wake. Hata bei ya shamba iliwekwa kwa kuhesabu miaka ya mavuno iliyobaki hadi yubile ijayo, ili mtu asimpunje mwenzake. Nani ameshika cha nani, na kitarudi lini: hayo ndiyo yaliyomo. Tarumbeta ilikuwa tangazo. Yubile ilikuwa kurudisha.

Hebu fikirini kijiji kimoja cha Israeli ambako tarumbeta imepigwa vizuri mno, watu wakaitikia kwa vigelegele, kisha kila mmoja akaenda kulala huku shamba la jirani yake likiwa bado mikononi mwake. Ingekuwa imepigwa kelele tu.

Nabii Amosi aliwaambia watu wa Mungu neno kama hilo, na kwa wanakwaya ni neno la kuogopesha. Katika sura ya tano, aya ya 23 na 24, Mungu anawaambia watu wake wamwondolee kelele za nyimbo zao, wala hataki kusikia vinanda vyao. Anachotaka ni haki iteremke kama maji, kama mto usiokauka. Ndugu zetu, nyimbo zile hazikuwa mbaya. Hatusomi kwamba waliimba nje ya ufunguo. Walioimba walikuwa watu waliomkanyaga maskini siku sita na kumwimbia Mungu siku ya saba.

Sasa, ukifungua Injili ya Mathayo, sura ya tano pia, aya ya 23 na ya 24 pia, utamkuta Bwana Yesu akisema habari ya mtu anayeleta sadaka yake madhabahuni, akakumbuka pale pale kwamba nduguye ana neno juu yake. Yesu anamwambia aiache sadaka hapo, aende kwanza akapatane, ndipo arudi aitoe. Tano, 23 na 24, mara mbili. Tumewafundisha watoto wa kwaya kuikumbuka hivyo. Na tuangalie vizuri: Yesu hakusema habari ya mtu mwenye kinyongo na mwenzake. Alisema habari ya mtu ambaye mwenzake ana neno juu yake. Yaani mdaiwa ndiye anayetakiwa kunyanyuka. Mara nyingi sisi humngoja aliyeumizwa aje aseme ameumia, na asipokuja tunasema yameisha.

Jamaa zetu, tunataka tueleweke vizuri. Hatusemi kwamba mtu huokolewa kwa kulipa madeni. Angalieni habari za Zakayo katika Luka 19. Alikuwa mkuu wa watoza ushuru, tena tajiri, katika mji wa Yeriko. Yesu alimwita kwa jina akiwa bado juu ya mkuyu, kabla hajaahidi hata senti moja. Yesu aliingia nyumbani kwanza, ndipo pesa zikatoka. Lakini zilitoka. Zakayo alisimama, akasema nusu ya mali yake atawapa maskini, na kama amemnyang'anya mtu kwa hila atamrudishia mara nne.

Hiyo mara nne ina uzito wake. Katika Hesabu sura ya tano, mtu aliyemkosea mwenzake na kuungama alitakiwa kurudisha chote na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Kurudisha kondoo wanne kwa kondoo mmoja, katika Kutoka 22, ilikuwa sheria ya mwizi aliyekwisha kumchinja au kumwuza kondoo wa watu. Basi Zakayo hakuchagua kiwango cha chini. Alijiweka kwenye kundi la wezi yeye mwenyewe, bila kushtakiwa na mtu. Hapo ndipo tunapoona kwamba neema imemfikia. Mtu ambaye bado anajitetea hulipa kwa kipimo kidogo kabisa anachoweza kuponea.

Yohana Mbatizaji naye, katika Luka sura ya tatu, aliulizwa swali moja na makundi matatu: tufanye nini basi? Umati aliuambia kwamba mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru aliwaambia wasitoze zaidi ya walivyoagizwa. Askari aliwaambia wasimdhulumu mtu wala kumshtaki kwa uongo, watosheke na mshahara wao. Hakumwambia mtu yeyote ahamie jangwani akaishi kwa nzige na asali kama yeye. Aliwarudisha kila mmoja kazini kwake, na pale kazini ndipo toba yao ilipotakiwa kuonekana.

Angekuja leo hapa sokoni kwetu angesema nini? Tulijiuliza swali hilo Jumamosi moja, tukakubaliana kila mtu ajibu kwa kazi yake mwenyewe, si kwa kazi ya jirani. Anayeuza mahindi alisema habari ya gorogoro iliyobonyezwa kitako. Anayepeleka maziwa alisema habari ya maji. Dereva wa bodaboda alisema habari ya kumpandishia nauli mgeni kwa sababu tu anaonekana mgeni. Mwalimu alisema habari ya kusaini kwamba amefundisha kipindi ambacho watoto walikaa peke yao. Mama mmoja alisema kwamba msichana anayemsaidia nyumbani hupewa mshahara tarehe yoyote ile, ila mchango wa sare ya kwaya hajawahi kuuchelewesha. Kijana mmoja alisema aliwahi kutumiwa pesa kwa M-Pesa kimakosa, mwenyewe akapiga simu mara nyingi, naye akazima simu. Tulicheka kidogo mwanzoni. Baadaye hatukucheka.

Hayo si mambo makubwa ya kuandikwa gazetini. Lakini maisha ya mtu yamejaa mambo ya kiasi hicho, na mtu asiyebadilika hapo hajabadilika popote. Paulo anapowaandikia Waefeso, sura ya nne, aya ya 28, anaeleza mwizi aliyeokoka anavyotakiwa kuwa. Kwanza aache kuiba. Pili afanye kazi kwa mikono yake. Tatu awe na kitu cha kumgawia mhitaji. Mkono ni ule ule. Uliokuwa ukichukua sasa unatoa. Wengi wetu tumefika hatua ya kwanza tukakaa hapo, tukasema mimi siibi tena, basi nimefika.

Na hatuna haja ya kwenda Yeriko peke yake kuyaona haya. Wazee wetu wa Afrika Mashariki waliyaona kwa macho. Mwaka 1929, mjini Kampala, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na daktari Mwingereza aliyeitwa Joe Church, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 uamsho uliwaka Gahini, Rwanda, palipokuwa na hospitali ya misheni, ukaenea Uganda, na mwaka 1937 kikundi cha ndugu kikafika Kabete hapa kwetu Kenya. Waganda waliwaita watu hao Balokole, yaani waliookoka. Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, bado unaimbwa katika makanisa ya Kenya, hata na watu wasiojua neno lingine lolote la Kiganda.

Mnaujua wimbo huo. Lakini tujue pia yaliyofuatana nao. Watu walioimba wimbo huo walirudisha vitu walivyoiba: pesa, mifugo, mali ya waajiri wao. Wanaume waliomba msamaha kwa wake zao, jambo ambalo wengi hawakuwa wamewahi kuliona kwa baba zao. Waafrika na wamisionari waliungama dhambi zao mmoja mbele ya mwingine, wakati ambapo ukoloni ulikuwa umeweka ukuta mrefu kati ya mweusi na mweupe. Waliita hilo kutembea nuruni. Jirani asiyeenda kanisani hakujua mafundisho yao yote, lakini alijua kwamba jembe lake lililopotea limerudi, na limerudishwa na nani.

Kisha hali ya hatari ilipotangazwa, Oktoba 1952, imani yao ilipimwa kwa kipimo kikubwa zaidi. Wengi wa ndugu hao katika Kenya ya Kati walikataa kula kiapo, na wakakataa pia kubeba silaha kwa upande wa serikali. Hatusemi haya ili kuwahukumu waliopigania uhuru wa nchi hii. Uhuru huo tunaufurahia sisi sote. Tunasema tu kwamba ndugu hao walisukumwa kutoka pande zote mbili, na baadhi yao waliuawa. Waliweza kusimama siku ile kubwa kwa sababu walikuwa wamezoea kusimama siku ndogo. Mtu aliyezoea kurudisha jembe la jirani bila kulazimishwa ana mahali pa kuanzia siku anapoulizwa jambo la maisha yake.

Wazee hao pia walituachia onyo. Walijua kwamba mtu anaweza kugeuza kuungama kuwa maonyesho, au kuungama dhambi za mwenzake badala ya zake. Kwa hiyo sisi tutaungama yetu.

Miaka 14 iliyopita kwaya hii ilifanya harambee ya kununua kinanda, kile kile mnachokisikia kila Jumapili. Pesa ziliwekwa kwenye kisanduku cha kwaya. Mweka hazina wetu wakati huo alikuwa mama mmoja wa sauti ya pili, naye ndiye aliyekuwa na ufunguo. Ufunguo mwingine wa akiba ulikuwa kwa mmoja wa viongozi wetu. Siku ya kuhesabu, zilipungua shilingi 6,500.

Hatukumshtaki mama huyo. Laiti tungemshtaki, angepata nafasi ya kujitetea. Tulichofanya ni kunyamaza mbele yake na kusema pembeni. Tulisema njiani tukitoka mazoezini. Tulisema tukiosha vyombo kwenye matanga. Wengine walilipeleka kama ombi la maombi, eti tumwombee mama fulani, ana majaribu ya pesa. Mwezi uliofuata kisanduku kikapewa mtu mwingine, bila sababu kutajwa.

Baada ya miezi mitatu, siku moja tulipohesabu tena, zile shilingi 6,500 zilikuwemo. Mnajua tulisema nini? Tulisema, mnaona, amerudisha. Pesa ziliporudi, ndipo tulipoamini kabisa kwamba yeye ndiye aliyechukua. Mama huyo aliacha kuja mazoezini. Hakuhama kanisa. Kwa miaka 14 ameketi kwenye viti vya nyuma, upande wa dirisha, na watu walipokuwa wakiimba sauti ya pili yeye alishika kitabu tu.

Mwaka huu, Jumamosi ile tuliyosoma Walawi 25, mwenzetu mmoja alisimama. Ni yule aliyekuwa na ufunguo wa akiba. Alisema kwamba mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, naye akachukua pesa hizo akikusudia kuzirudisha mwisho wa mwezi. Mwezi ukawa mitatu. Alizirudisha kimya kimya usiku mmoja, akafunga kisanduku, akamshukuru Mungu kwamba yameisha. Alisikia tukimtaja yule mama, akanyamaza. Alituambia maneno haya, na ametupa ruhusa kuyasema: "Pesa nilirudisha. Jina lake sikurudisha. Nimeimba miaka 14 nikiwa na jina la mtu mfukoni."

Wengine wenu mtamtambua ndugu huyu. Tunawaomba msimnyooshee kidole. Yeye alikuwa na mfuko mmoja. Sisi wengine tulikuwa wengi, na kila mmoja wetu alichukua kipande cha jina hilo akakipeleka nyumbani kwake.

Tulikwenda kwake jioni ya Jumatano, watu sita, pamoja na ndugu yetu huyo. Tulimkuta akichambua maharagwe. Alitukaribisha, akapika chai, akakaa. Ndugu yetu akasema yote. Mama hakulia, wala hakutukumbatia kama tulivyokuwa tumetazamia. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Watoto wangu walisikia kanisani kwamba mama yao ni mwizi. Watasikia wapi kwamba si mwizi?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeenda na mkate, sukari na maombi. Hatukuwa tumefikiri kwamba msamaha tuliokuwa tukiuomba sebuleni ungetuacha sisi tukiwa wepesi na yeye akiwa vile vile. Tukamwuliza angependa tufanye nini. Akasema, "Semeni pale pale mliposema." Tukamwuliza kama tumtaje. Akasema, "Jina langu wanalijua. Semeni tu kwamba sikuchukua." Tukamwuliza kama atarudi kuimba. Akasema, "Hiyo nitaangalia." Tulisali pamoja, naye akasema amina, tukaondoka.

Ndiyo sababu hotuba hii iko mahali ambapo historia ya kwaya ingekuwa.

Wapendwa, tumejifunza nini? Tumejifunza kwamba tunaweza kuimba kwa machozi ya kweli, watu wakaokoka kwa nyimbo zetu, na huku tumekalia shamba la mtu. Hatudhani Mungu alikataa kuwabariki ninyi kwa sababu yetu. Lakini sisi wenyewe tulikuwa tukipoteza. Badiliko la mtu haliji lote siku ya kuokoka. Kuna vyumba vya moyo ambavyo Bwana hutufungulia mmoja baada ya mwingine, na chumba cha deni huwa karibu na mwisho, kwa sababu tunakificha hata kwetu sisi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tumejifunza pia kwamba toba isipoingia kwenye mambo ya kawaida huyeyuka. Kwa hiyo kwaya imekata shauri mambo matatu. Kisanduku kitafunguliwa na watu watatu pamoja, na hesabu zitasomwa mbele ya wote kila mwezi, ili mwenye tamaa asijaribiwe na asiye na hatia asishukiwe. Mtu akidhaniwa kukosa, ataendewa kwanza yeye mwenyewe, ana kwa ana, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18. Na mtu akileta habari za mwenzake, iwe njiani au kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, ataulizwa swali moja tu: umemwambia mwenyewe? Asipokuwa amemwambia, habari hiyo itaishia hapo. Ndugu yetu naye ameomba apumzike katika uongozi. Ataendelea kuimba, safu ya nyuma, nasi tunampenda.

Kwenu ninyi mnaotusikiliza, tunawaomba mtushike mkono katika mwaka huu wa yubile. Hatuombi mchango; kadi za harambee mmeshapewa. Tunaomba kila mmoja wetu, kabla ya siku kuu, aketi mahali pa utulivu na kumwuliza Mungu: nimeshika nini cha mtu? Huenda ni pesa za chama. Huenda ni mpaka wa shamba uliosogezwa futi mbili wakati jirani alipokuwa hospitalini. Huenda ni mshahara wa mtu aliyekulimia. Huenda ni samahani ambayo mke wako au mume wako ameingoja miaka mingi, au mtoto ambaye ulimpiga kwa kosa la mwingine. Dawa ya deni ni kulipa, na wazee waliosema hivyo hawakusema dawa yake ni kuliimbia.

Na kama wewe ndiye unayedaiwa kitu ambacho huwezi tena kukirudisha, kwa sababu mwenyewe amefariki au kilishaharibika, usikate tamaa. Mkumbuke Onesimo, mtumwa aliyemtoroka bwana wake Filemoni. Paulo alimrudisha na barua mkononi, akaandika kwamba kama anadaiwa chochote, kihesabiwe juu yake Paulo. Hivyo ndivyo Kristo alivyotufanyia sisi sote. Alichukua hesabu yetu juu yake. Lakini tuone kwamba Onesimo, pamoja na neema hiyo yote, alitembea mwenyewe hadi mlangoni kwa Filemoni.

Nasi sasa tunafika mlangoni. Mama yetu, tunajua uko hapa, na tunajua watoto wako wako hapa. Tunasema mbele za Mungu na mbele ya kanisa hili: hukuchukua. Hukuchukua hata senti. Tulikosea tuliponong'ona, tulikosea tuliponyamaza, na tulikosea kwa miaka 14 kila tulipokupita mlangoni tukakusalimia kana kwamba hakuna kitu. Tunaomba utusamehe, kwa wakati wako. Watoto wa mama huyu, mama yenu ni mwaminifu. Mmesikia hapa.

Mungu awabariki ninyi nyote, na aibariki yubile hii, tarumbeta yake na hesabu zake.

Kwa ruhusa ya mchungaji, sasa tutaimba.